Kwa wadogo zangu mnaoanza utafiti wa udhaifu wa mifupa katika familia za Tanga

Juzi nimefungua kisanduku cha barafu kilichotoka Pangani nikakuta mirija imeandikwa kwa peni ya kawaida. Barafu imeyeyuka, wino umekwenda na maji. Mtu ameacha shamba lake, amekaa na njaa tangu jana usiku, amenyoosha mkono akadungwa, na sasa damu yake haina mwenyewe. Kundi lililowatangulia lilifanya hivyo hivyo, na lililolitangulia hilo pia. Nawapenda, na bidii yenu naiona, lakini kwa hili nimechoka. Someni kabla hamjapanda gari.

1. Lebo inabandikwa pale pale mbele ya mshiriki, kwa kalamu isiyofutika, na namba inasomwa kwa sauti. Kifuniko cha zambarau ndicho cha DNA. Cha kijani kina heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, nayo itawasumbua kwenye PCR, yaani kunakili DNA maabara.

2. CTX, kipimo cha damu cha kasi ya mfupa kumomonyoka, ni ya asubuhi, mtu akiwa hajala tangu usiku, kwa sababu chakula hukishusha kipimo na mchana pia hukishusha. Sasa fikirini Ramadhani. Mama amekula daku saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi mnamkuta barazani, mnamuuliza, "Umefunga?" Anajibu ndiyo, na amesema kweli tupu. Mnaweka alama kwenye fomu na namba inayotoka haina maana. Mwezi huo chukueni damu ya DNA, ambayo haijali mtu amekula nini. CTX isubiri Idi ipite.

3. Kabla mtu hajalala kwenye DXA, mashine ya kupima uzito wa mfupa, ulizeni kuhusu shanga za kiunoni, hirizi, na sarafu zilizofungwa kwenye pindo la khanga. Muulizaji awe mwanamke na mlango ufungwe. Shanga zikiangukia juu ya pingili za kiuno, mashine inazihesabu kama mfupa, na mgonjwa anarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama.

Ulizeni pia amekulia wapi. Wazee wengi wa huku walikuja kwa ajili ya mkonge, kutoka kila pembe ya nchi, na wengine wana ndugu na makazi Arusha na Meru ambako maji ya visima vingi yana floridi nyingi. Floridi huongeza uzito wa mfupa kwenye DXA huku mfupa wenyewe ukiwa dhaifu. Nimeona kijana mwerevu kabisa akifurahia T-skoa (alama ya DXA inayolinganisha mfupa na wa kijana mzima) ya mzee ambaye meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia, na mzee alikuwa amesema mara mbili kwamba hawezi kuinama. Mtazameni mtu mdomoni kabla ya kutazama karatasi. Na mgonjwa wa selimundu, pingili zake huingia ndani katikati kwa sababu nyingine kabisa. Msiziandike kuwa zimevunjika kwa osteoporosisi, yaani mfupa kupungua na kudhoofika. Anayetumia TLD, vidonge vya VVU vyenye tenofovir, naye aandikwe, maana tenofovir hupunguza mfupa.

4. Mti wa familia hauchorwi mbele ya mama mkwe. Hilo sitalieleza zaidi.

Ila muwe makini na undugu wa kwetu. Mtu akisema "huyu kaka yangu", anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo, na kama mkimwandika kuwa wa tumbo moja, uchambuzi wote umeharibika. Ulizeni baba nani, mama nani, kwa kila mmoja. Ndoa za binamu zipo pwani, ulizeni bila kukunja uso. Zinahusu moja kwa moja magonjwa yanayohitaji jeni mbovu kutoka pande zote mbili. Mtoto anayevunjika mara kwa mara, tazameni weupe wa macho kama una ubuluu, tazameni meno, ulizeni nani nyumbani alianza kuwa kiziwi mapema. Wengi wa watoto hao wana hitilafu kwenye jeni za kolajeni ya mfupa, COL1A1 au COL1A2, na mzazi mmoja anatosha kuirithisha. Lakini Ghana na Nigeria kuna badiliko la jeni ya P3H1 linalobebwa na watu kimya kimya mpaka wawili wakutane. Hayo yote mtayatafuta baadaye. Kwanza msimtazame mama yake kama mpigaji.

5. Hii ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Wiki iliyopita nimesikia mmoja wenu akimwambia mgonjwa baada ya dripu ya dawa ya mifupa, "Haya bibi, tumemaliza, tuonane mwakani."

Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi.

Alikuwa bibi wa upande wa Pangani, aliyeteleza uani akavunjika kifundo cha mkono. T-skoa yake ya nyonga ilikuwa chini sana ya -2.5, mpaka wa osteoporosisi. Binti zake wawili nao walikuwa wameshavunjika mifupa wakiwa bado vijana, na ndiyo maana familia hiyo tuliitaka sana: vizazi viwili, labda vitatu, nyumba moja. Nilifanya kila kitu kinachoandikwa. Kreatinini nilipima, figo zilikuwa nzuri, maana kasi ya figo kusafisha kreatinini ikiwa chini ya mililita 35 kwa dakika dawa hii haitolewi. Kalsiamu ilikuwa sawa, vitamini D nilikuwa nimempa wiki kadhaa kabla. Alikunywa maji. Asidi ya zoledroniki miligramu 5 ilikwenda taratibu kuliko dakika 15 zinazotakiwa. Foleni ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa na haraka ya gari la kurudi. Nikamshika mkono, nikamwambia tuonane mwakani.

Kesho yake usiku alipata homa. Alitetemeka, mifupa yote ikauma, hata ile ambayo haikuwahi kumuuma. Mjukuu akambeba mpaka zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoka hasi, lakini mtu anatetemeka mbele yako na unaishi Tanga. Akapewa dawa ya malaria, akapewa na antibayotiki. Siku ya tatu akaamka mzima. Nyumbani wakahesabu wenyewe: sindano ya mjini ilimwangusha, vidonge vya zahanati vikamwinua. Kwa walichokiona, hesabu yao ilikuwa sahihi.

Tulipokwenda kuomba damu ya mabinti, tulikaribishwa vizuri, tukawekewa mkeka, tukapewa chai ya tangawizi. Kisha bibi akasema, kwa upole kabisa, kwamba damu ya wanawe haitatoka. Mwaka uliofuata hakuja kliniki. Nilijua hakuja, jina lake lilikuwa kwenye orodha, na sikumfuata kwa sababu niliona aibu. Baadaye akaanguka tena, na safari hii ikawa nyonga. Nilimkuta wodini. Nikasema shikamoo bibi, akaitika marahaba, akanitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Jambo lenyewe lilijulikana. Katika HORIZON, jaribio la dawa hii lililochapishwa 2007, karibu theluthi moja ya wanawake walipata dalili hizi baada ya dozi ya kwanza, na ni wachache zaidi waliozipata kwenye ya pili. Dawa hufunga njia ya mevalonati, ambayo seli hutumia kutengeneza kolesteroli, mabaki yanarundikana, seli za kinga ziitwazo T za gama-delta zinashtuka na homa inawaka. Siyo maambukizi, na kwa kawaida huisha ndani ya siku tatu. Jaribio hilo hilo lilionyesha kuvunjika kwa nyonga kukipungua kwa 41% ndani ya miaka mitatu kwa waliochomwa kila mwaka. Nyonga ya bibi huyu ilivunjika akiwa amepata sindano moja tu, kwa sababu ya sentensi moja ambayo sikuisema.

Isemeni hivi, kabla ya dripu, na mjukuu akiwepo: "Kesho au keshokutwa unaweza kupata homa na maumivu ya mwili. Ni dawa inafanya hivyo. Kunywa panadol, kunywa maji. Ikipita siku tatu, au ukiona vibaya zaidi, nipigie." Kisha pigeni nyinyi siku ya pili, msisubiri. Na homa ikija, mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ifanyike vile vile, kwa sababu malaria ya kweli ipo na haitaangalia kwamba mtu amechomwa zoledroniki juzi. Mpeni barua ya kupeleka zahanati yake ili tabibu wa kule ajue alichochomwa.

6. Alendroneti, kidonge cha mifupa cha kila wiki, humezwa kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, na mtu asilale chini kwa nusu saa baada yake. Chai haifai, madafu hayafai, maziwa ndiyo kabisa. Denosumab, sindano nyingine ya mifupa, isianzishwe kwa mtu ambaye hana uhakika wa kuipata kila miezi sita. Ikikatika, pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja.

7. Sampuli haivuki mpaka bila MTA, mkataba wa kuhamisha sampuli, na kibali. Mnalijua.

8. Mmoja aliniuliza kwa nini tuhangaike na vijiji ilhali Uingereza wameshamaliza. Mwaka 2019 walichapisha sehemu 518 za jenomu (DNA yote ya mtu) zinazohusiana na uzito wa mfupa, kutoka kwa watu zaidi ya 400,000. Ni kazi kubwa sana. Lakini watu hao ni wa asili ya Ulaya, na alama za kukadiria hatari ya mtu zinazotengenezwa kwa damu yao hupoteza nguvu zikipimwa kwa Waafrika. Hakuna atakayetukokotolea za Pangani na Muheza bila damu ya Pangani na Muheza.

Na familia moja moja zina thamani yake. Afrika Kusini kuna familia za Makaburu ambazo mifupa yao hukua bila kuacha, fuvu linabana mishipa ya fahamu, watu wanapoteza usikivu. Mwaka 2001 ilijulikana kwamba jeni yao ya SOST haifanyi kazi, na protini yake, sklerostini, ndiyo breki ya ujenzi wa mfupa. Kutoka hapo ikatengenezwa romosozumab, inayoifunga sklerostini, na Marekani wakaiidhinisha 2019. Ilianza na watu waliokubali kuulizwa habari za nyumbani kwao.

Kwa hiyo wiki ijayo mkirudi kwenye zile nyumba kuchukua damu ya pili, nendeni na majibu ya kalsiamu na vitamini D ya damu ya kwanza, yameandikwa kwa Kiswahili, na msomeeni kila mtu ya kwake kabla hamjatoa sindano kwenye mkoba.