Je, Dhana Mbaya za Kundi la Wachache Humwathiri Mtu wa Kundi la Wengi?

SWALI: Nafanya kazi katika idara ya rasilimali watu ya taasisi yenye wafanyakazi wa jamii tofauti, na nimepewa jukumu la kuandaa dodoso la kupima hali ya mahusiano kazini. Mshauri tuliyemwalika amependekeza kwamba maswali kuhusu kudharauliwa na kubaguliwa waulizwe wafanyakazi wa makundi ya wachache peke yao, kwa hoja kwamba dhana mbaya walizo nazo wachache haziwezi kumdhuru mtu wa kundi la wengi. Wenzangu wawili wa kundi la wengi wanapinga, na mmoja wao ana malalamiko dhidi ya msimamizi wake, ambaye ni wa kundi la wachache. Naomba kujua utafiti unasema nini, na dodoso hilo nilipangeje.

JIBU: Dhana hizo humwathiri, ingawa kwa wastani kiasi cha athari ni kidogo kuliko kile kinachowapata watu wa makundi ya wachache, na ukubwa wake hutegemea zaidi ni nani aliyeshika madaraka pale tukio linapotokea kuliko idadi ya watu wa kila kundi katika nchi. Mshauri wenu ameegemea ukweli fulani, lakini pendekezo lake la kutowauliza watu wa kundi la wengi halifai kiutafiti, kwa sababu linakata shauri kabla ya data kukusanywa.

Nadhani najua hoja yake inatoka wapi. Tangu miaka ya 1970 imeenea nchini Marekani fasili isemayo kwamba ubaguzi wa rangi ni dhana mbaya ikiunganishwa na mamlaka, na kwa hiyo asiye na mamlaka katika jamii anaweza kuwa na dhana mbaya bila kuhesabiwa kuwa mbaguzi. Fasili hiyo ina kazi yake: inatusaidia kuona kwamba sheria, ajira na makazi vinaweza kupangwa kwa namna inayolikandamiza kundi zima hata pale ambapo hakuna mtu mmoja mmoja mwenye chuki. Hata hivyo, fasili huchaguliwa, haigunduliwi. Haiwezi kutuambia kama mtu aliyedharauliwa na mwenzake ameumia au hakuumia, kwani hilo ni swali la vipimo.

Tena, wingi na mamlaka havitembei pamoja daima. Afrika Kusini ilitawaliwa kwa sera ya ubaguzi wa rangi kuanzia mwaka 1948 hadi 1994 na Wazungu ambao hawakufika hata robo ya wakazi wa nchi hiyo, na hakuna atakayesema kwamba dhana za wachache hao hazikuwagusa walio wengi. Mfano huo ni wa dola nzima, lakini kanuni yake inafanya kazi hata ndani ya ofisi ya watu kumi na wawili. Msimamizi anayejaza fomu ya tathmini ya mwaka, anayepanga zamu na anayependekeza nani apandishwe cheo ana mamlaka juu ya walio chini yake, awe wa kundi lipi. Akiandika kwamba fulani "hana bidii, kama wenzake wote wa upande ule", maneno hayo huingia katika jalada na kumfuata mtumishi huyo, hata kama bungeni na katika mabenki watu wa kundi lake ndio waliojaa.

Sasa tuje kwenye tarakimu. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa mwaka 2014 na Michael Schmitt na wenzake ulikusanya matokeo 328 yanayojitegemea, yenye washiriki 144,246, kuhusu uhusiano kati ya mtu kuhisi kwamba anabaguliwa na afya yake ya akili, yaani kujithamini, sonona, wasiwasi na kuridhika na maisha. Kwa ujumla kipimo cha uwiano kilikuwa -0.23, maana yake ni kwamba kadiri mtu anavyohisi kubaguliwa zaidi ndivyo hali yake ya akili inavyoelekea kuwa mbaya zaidi. Walipotenganisha makundi, waliona kwamba kwa makundi yaliyo katika hali duni uwiano ulikuwa -0.24, na kwa makundi yenye nafasi bora ulikuwa -0.10. Ukizidisha kila namba kwa yenyewe utaona tofauti hiyo vizuri zaidi: katika makundi duni, kuhisi ubaguzi kunaambatana na takriban asilimia 6 ya tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu katika afya ya akili, na katika makundi yenye nafasi bora ni asilimia 1 tu. Asilimia 1 ni ndogo, lakini si sifuri.

Namba hizo zisomwe kwa tahadhari. Kwanza, wachambuzi hao walitenganisha makundi kwa hadhi yake katika jamii, si kwa idadi ya watu wake, na ndiyo maana wanawake, ambao si wachache, huhesabiwa upande wa hali duni. Pili, mtu anapojibu kwamba amebaguliwa, haina maana kwamba aliyembagua alikuwa wa kundi la wachache; huenda alikuwa wa kundi lake mwenyewe. Tatu, uwiano hauoneshi kipi kilitangulia. Mtu mwenye sonona huweza kuona dharau pale ambapo mwingine angeona haraka tu ya mtu mwenye shughuli nyingi.

Kwa nini basi pengo liwepo? Maelezo ninayoyaamini zaidi ni ya kurudiarudia na kuenea. Anayedharauliwa na mwenzake kazini, kisha akatoka na kukuta kwamba mwenye nyumba, askari na mwalimu wa watoto wake hawamwoni kwa jicho hilo, ana mahali pa kupumulia. Yule ambaye dharau ya ofisini ni mwendelezo wa aliyoyakuta barabarani asubuhi hana pa kukimbilia, na kila tukio jipya humthibitishia yale ya nyuma. Katika uchambuzi huohuo wa mwaka 2014, majaribio yaliyowafanya washiriki waamini kwamba ubaguzi dhidi ya kundi lao umeenea yalionesha madhara, ilhali yale yaliyohusu tukio moja hayakuonesha madhara ya wazi kwa wastani. Jennifer Crocker na Brenda Major walikuwa wamekwisha kueleza mwaka 1989 kwamba mtu anayejua kuwa mkosoaji wake ana dhana mbaya juu ya kundi lake anaweza kulilaumu jicho la mkosoaji badala ya kujilaumu mwenyewe, na hivyo akalinda kujithamini kwake. Kinga hiyo si ya wachache pekee, ila wao wameizoea zaidi kwa kuwa wamelazimika kuitumia mara nyingi.

Hata hivyo, kupima maumivu ya moyoni peke yake hakutoshi. Kuna athari nyingine zinazompata mtu wa kundi la wengi ambazo dodoso la kujithamini haliwezi kuzinasa. Mojawapo ni utendaji. Mwaka 1999 Joshua Aronson na wenzake waliwapa mtihani mgumu wa hisabati wanafunzi wa kiume Wazungu wa Marekani waliokuwa hodari katika somo hilo, na baadhi yao wakaambiwa kwamba utafiti ulilenga kuelewa kwa nini watu wenye asili ya Asia hufanya vizuri zaidi. Walioambiwa hivyo walipata alama za chini kuliko wenzao. Mwaka huohuo Jeff Stone na wenzake walitumia zoezi la gofu: Weusi walishuka pale zoezi lilipoitwa kipimo cha akili ya kimichezo, na Wazungu walishuka pale zoezi hilohilo lilipoitwa kipimo cha kipaji asilia cha mwili. Sampuli za majaribio ya aina hii zilikuwa ndogo, na tafiti kubwa za baadaye kuhusu jambo hili kwa jumla zimeleta matokeo hafifu zaidi, kwa hiyo nisingejenga sera juu yake. Nayataja kwa sababu yanadhoofisha wazo kwamba kuwa katika kundi la wengi ni chanjo.

Athari ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote mahali pa kazi, hupitia katika yale ambayo mtu anadhani wengine wanayafikiri juu yake. Jacquie Vorauer na wenzake, katika utafiti wa mwaka 1998 nchini Kanada, waliona kwamba Wakanada Wazungu waliamini kuwa wenyeji asilia wa nchi hiyo huwaona kuwa watu wenye dhana mbaya na wasio na haki, na imani hiyo iliwaharibia matarajio yao ya mazungumzo hata kabla hawajaketi pamoja. Nicole Shelton na Jennifer Richeson waliendeleza hoja hiyo mwaka 2005. Waliwaomba wanafunzi wafikirie kwamba wanaingia katika bwalo la chakula na kuwaona wenzao wa rangi nyingine wameketi pamoja, kisha waeleze kwa nini wao wasingekwenda kujiunga nao na kwa nini wale nao wasingewakaribisha. Pande zote mbili zilitoa jibu la aina moja: mimi sikwenda kwa kuogopa kukataliwa, wao hawakuniita kwa sababu hawanitaki. Hapo hapajatokea tusi wala ubaguzi, na bado kila upande umeondoka ukiwa na ushahidi wa uongo dhidi ya mwingine. Baadhi ya malalamiko yatakayoingia katika dodoso lako yatakuwa ya aina hii, na hayatatoka upande mmoja.

Athari ya tatu ni kwamba mtu aliyeumizwa hubadilika. Fiona Barlow na wenzake walionesha mwaka 2012 kwamba mkutano mbaya na mtu wa kundi jingine huongeza dhana mbaya kwa nguvu zaidi kuliko mkutano mzuri unavyozipunguza. Kwa hiyo mfanyakazi wa kundi la wengi aliyedharauliwa na msimamizi mmoja wa kundi la wachache anaweza kulijumlisha kundi lote, na kwa kuwa watu wa kundi lake ni wengi na mara nyingi ndio wenye nafasi, gharama ya ujumlishaji huo itawarudia wachache wengine ambao hawakuwahi kumkosea. Mshauri wenu akitaka kuwalinda wachache, hii ingekuwa sababu ya kutosha ya kuwauliza wote.

Kuna upande mwingine wa mizani ambao wenzako wawili wanapaswa kuusikia. Michael Norton na Samuel Sommers waliripoti mwaka 2011 kwamba Wazungu wa Marekani waliohojiwa waliamini, kwa wastani, kuwa ubaguzi dhidi ya Wazungu umeupita ule dhidi ya Weusi, na kwamba walihusisha kupungua kwa mmoja na kuongezeka kwa mwingine, kana kwamba haki ni mkate usioongezeka. Hiyo ni imani kuhusu matukio, na imani inaweza kupanda bila matukio yenyewe kupanda. Kwa hiyo mwenzako anayesema msimamizi wake anambagua anastahili kusikilizwa kwa makini, ila asemapo "sisi ndio tunaobaguliwa zaidi siku hizi" ametoka katika ushahidi wake na kuingia katika madai yanayohitaji ushahidi mwingine.

Kuhusu malalamiko hayo yenyewe, yashughulikiwe kwa utaratibu uleule ambao ungetumika kama pande zingebadilishana nafasi. Kisheria hiyo ndiyo njia inayozidi kukubalika: Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1976 kwamba sheria ya nchi hiyo dhidi ya ubaguzi kazini inawalinda Wazungu pia, na mwaka 2025 majaji wote tisa walikubaliana kwamba mlalamikaji wa kundi la wengi hapaswi kuwekewa kiwango cha ushahidi kilicho kizito kuliko cha wengine. Angalia sheria ya nchi yako inasemaje kabla ya kuandika mwongozo.

Sasa dodoso. Waulize wafanyakazi wote maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale. Usiulize "je, umewahi kubaguliwa?", kwa sababu kila mtu ana mpaka wake wa neno hilo, uliza matendo, kwa mfano: katika miezi sita iliyopita, ni mara ngapi mtu kazini alitoa kauli ya kudharau kundi lako mbele yako, ni mara ngapi ulinyimwa taarifa uliyoihitaji kwa kazi yako, ni mara ngapi uliachwa nje ya kikao kilichokuhusu. Baada ya kila tendo uliza aliyelifanya alikuwa na cheo gani juu yako, na hapo utapata kipimo cha mamlaka ambacho mshauri alitaka kukipata kwa kukisia. Kundi la mtendaji liulizwe pia, lakini mwishoni, ili lisimwelekeze mjibuji mapema. Weka sehemu tofauti ya kile ambacho mtu anadhani wengine wanakifikiri juu ya kundi lake, na sehemu nyingine ya kile anachokifikiri yeye juu ya makundi mengine, kisha linganisha kile ambacho kundi moja linadhani linafikiriwa na kile ambacho makundi mengine yamesema yanakifikiri juu yake. Zikiachana sana, tatizo lenu kwa sehemu kubwa ni la kutoelewana.

Unapochambua, usitoe wastani mmoja wa taasisi nzima, kwa sababu mtu ambaye kundi lake ni la wengi katika taasisi anaweza kuwa peke yake katika idara anamofanyia kazi. Gawanya kwa idara na kwa uwiano wa makundi ndani ya idara hiyo. Pale idara inapokuwa na wajibuji chini ya watano wa kundi fulani, unganisha matokeo yake na ya idara nyingine kabla hayajafika mezani kwa msimamizi yeyote, akiwemo huyo anayelalamikiwa.