Kugandisha mbegu za mwanaume mwenye mbegu chache: kwa wanaoanza kazi labo

Wadogo zetu mnaoanza kwenye labo za uzazi hapa Lubumbashi, spermogramu (kipimo cha kuhesabu mbegu) ikionyesha chini ya milioni 16 kwa mililita, kwa kipimo cha OMS (Shirika la Afya Duniani) cha 2021 hizo ni chache. Lakini mwenye milioni 5 na yule ambaye mnaona mbegu kumi tu baada ya santrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli ili mbegu zikusanyike chini) hawagandishiwi kwa njia moja. Kabla ya kuchagua njia, jiulizeni: siku ya kuyeyusha, mbegu hizi tutazipata wapi? Mbegu iliyobaki hai ikanata kwenye ukuta wa kichupa ni hasara sawa na iliyokufa.

Papa (mwanaume mwenyewe) akae siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha atoe hapo hapo labo. Sampuli inayotoka Likasi kwa gari imeshachelewa, maana inatakiwa ishughulikiwe ndani ya saa 1. Mpokeeni kwa heshima, mlango ufungwe, jina lake lisiitwe mbele ya watu. Damu ipimwe VIH (virusi vya UKIMWI), hepatiti B na C na kaswende kabla ya chochote kuingia kwenye tangi la azoti (nitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kali). Za wenye maambukizi zina tangi lake. Mbegu zikiwa chache sana, aje mara mbili au tatu, na kila sampuli igandishwe peke yake.

Njia ya kila siku ni mvuke wa azoti. Dawa ya kukinga yenye gliseroli iwe kwenye joto la chumba, muiongeze tone kwa tone huku mkitikisa taratibu, hadi ilingane na shahawa au ifikie kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wakiimimina kwa mkupuo, maji yanatoka ndani ya mbegu ghafla, zinasinyaa na kufa hata kabla ya baridi. Ngojeni dakika 10. Jazeni payeti (mirija myembamba ya plastiki) za mililita 0.25, muache sentimita 1 ya hewa, kwa sababu kimiminika kikiganda kinapanuka, na payeti iliyojaa hupasuka. Zibeni ncha zote mbili, mzilaze sentimita 10 juu ya azoti kwa dakika 15 hadi 20, halafu mzizamishe. Kwa papa mwenye mbegu chache, payeti nyingi zenye kidogo kidogo zinafaa kuliko moja iliyojaa: kila moja itoshe ICSI moja (kudunga mbegu moja ndani ya yai), ili msiyeyushe akiba yote kwa siku moja.

Njia nyingine ni mashine ya programu, ambayo hushusha joto polepole, lakini ni ghali, inakula azoti, na umeme ukikatika katikati, kazi imeharibika. Mvuke hauna shida hiyo, kwa hiyo kwetu unatosha.

Mbegu zikiwa chache za kuhesabika moja moja, mvuke haufai, kwani kwa kawaida nusu ya zinazotembea hupoteza mwendo, na kuosha kunachukua nyingine. Hapo tumieni vitrifikeshoni (kugandisha ghafla bila barafu kujijenga) bila gliseroli: mbegu zilizooshwa zichanganywe sawa kwa sawa na sukrozi (sukari) ya mola 0.5 yenye albumini (protini), dakika 5, kisha matone ya mikrolita 30 yadondoshwe moja kwa moja ndani ya azoti. Zikiwa chache zaidi, zichukueni moja moja kwa sindano ya ICSI mziweke kwenye kibebeo chembamba kama Cryotop, ndani ya tone dogo kabisa, na mwandike idadi. Kuyeyusha kuwe kwa haraka, tone liingie kwenye maji ya lishe yenye digrii 37, kwa sababu likichelewa barafu inajijenga upya na kuchana utando wa mbegu. Ubaya wa njia hii ni kwamba azoti inagusa mbegu, hivyo tumieni azoti safi.

Zikitoka bila kutembea, msizitupe. Ziwekeni kwenye maji yenye chumvi pungufu kuliko ya shahawa: mkia ukivimba na kujikunja, mbegu hiyo iko hai, inafaa kwa ICSI.

Mwisho, azoti. Lita 1 inatoa karibu lita 700 za gesi, inayofukuza oksijeni ya chumba, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Pimeni kina kwa rula ya mbao: izamisheni hadi chini, itoeni, na mstari wa ukungu mweupe utaonyesha kiwango. Msitumie mrija ulio wazi ndani, azoti itapanda na kuruka usoni.