Kumsenga si Msenga: kutamka na kuandika majina ya vijiji vya Kigoma

Kosa linaloongoza Kigoma hutokea kwenye daftari la mapokezi. Mtu anaulizwa anakotoka, anajibu "Kumsenga", na anayeandika, kwa kuwa Kiswahili chake kimenyooka, anadhani hiyo ku ni kiungo tu cha sentensi. Anaiacha, anaandika "Msenga". Hapohapo mtu huyo amenyang'anywa kwao. "Msenga" haimo kwenye orodha ya kata, ramani ya simu haiijui, na siku mgonjwa akihitaji kufuatwa nyumbani, aliyetumwa atazunguka akiulizia mahali ambapo kwenye karatasi hapapo.

Mwalimu, muuguzi, karani, mfanyabiashara, yeyote aliyepangiwa kazi au anayetuma mzigo mkoa huu, aanze na hii ku. Kiswahili huonyesha mahali kwa kuweka -ni mwishoni: sokoni, shambani, ziwani. Kiha, lugha ya wenyeji wengi wa mkoa, huonyesha mahali mwanzoni mwa neno, na vijiji vingi vimepewa jina pamoja na kiambishi hicho. Ndiyo maana Kasulu kuna Kumsenga, Kumnyika na Kurugongo, na Kibondo kuna Kumwambu. Murubona na Murufiti nazo zimeanza na mu kwa njia hiyohiyo. Ku na mu hapo ni mali ya jina kama vile Ki ilivyo mali ya Kigoma, hazitoki. Na kwa kuwa umahali tayari umo, usiongeze -ni: mtu anakwenda Kumsenga, hakuna "Kumsengani". Kwaga, iliyoko Kasulu, ni neno moja. Ukiandika "Kwa Aga" umetengeneza nyumba ya mtu asiyekuwepo.

Ugumu ni kwamba kuna ku nyingine ambayo si ya jina. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kalemie na Uvira za Kongo, na hata Burundi, Kiswahili chao kinasema "ku soko", "ku nyumba", na mazungumzo hayo yamevuka na watu na mitumbwi tangu enzi za misafara. Kwa hiyo utamsikia mtu mwaloni Kibirizi akisema "natoka ku Mwandiga". Mwandiga ni Mwandiga, hakuna Kumwandiga. Masikio peke yake hayatoshi kutofautisha, na kumuuliza mtu "hiyo ku ni ya jina?" hakusaidii, kwa sababu hakuna anayelifikiria jina la kwao hivyo. Fanya hivi: liweke jina liwe mtenda wa sentensi. Mwambie, "Hebu niambie, kijiji chenu kina shule ngapi?" Akijibu "Mwandiga ina shule kadhaa", ku imedondoka yenyewe. Akijibu "Kumsenga ina shule moja", ku imebaki, na wewe iandike. Jaribio hili halichukui hata nusu dakika na mtu hahisi kwamba anapimwa.

Linalofuata ni kuhesabu silabi. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwenyeji akizungumza Kiswahili hukubali mkazo huo bila shida. Tatizo huanza mgeni anapoingiza silabi isiyokuwepo, maana mkazo wote unahama. Chukua Buhigwe. Ina silabi tatu: Bu-hi-gwe, na uzito uko kwenye hi. Gwe ni pigo moja la mdomo, kama kwa ya kwale. Mgeni akiisoma Bu-hi-gu-we, silabi zinakuwa nne, uzito unaangukia gu, na kondakta wa Hiace anamtazama tu. Kalya, kijiji cha mwambao wa kusini mwa mkoa, ni Ka-lya, silabi mbili, si Ka-li-ya. Kigalye ni Ki-ga-lye. Muzye na Titye, zote za Kasulu, ni silabi mbilimbili: Mu-zye, Ti-tye. Gwanumpu ya Kakonko huwatoa jasho wengi, lakini ukiipiga makofi ni matatu tu: Gwa-nu-mpu, uzito kwenye nu, na m isikike kabla ya p. Kinyume chake ni Luiche: hapo u na i hazigandi kuwa "Lwiche", kila irabu ina pigo lake, Lu-i-che, na i ndiyo nzito. Anayebabaika apige makofi kweli, mezani au pajani. Hata mtoto wa darasa la kwanza hufundishwa silabi kwa makofi.

Ny ni sauti moja popote ilipo, na Kigoma ipo kila mahali: Nyarugusu, Nyakitonto, Nyamugali, Nyabibuye, Nyaruyoba. Anayesema "Ni-ya-rugusu" amelivunja jina mwanzoni kabisa. Ng bila ritifaa, yaani ile alama ('), ni ile ya ngoma: Nguruka, Rungwe, Kagunga, na Tanganyika yenyewe, Ta-nga-nyi-ka. Ile ya ng'ombe huandikwa na ritifaa, kama Ng'ambo ya mjini Tabora. Usiidharau ritifaa unapojaza fomu, hasa ya kompyuta, kwa maana aliye mbali atakayesoma hana sauti ya kumsaidia.

Majina yaliyoanza na Mu kwa Kiha mara nyingi hupungua yakiingia kwenye Kiswahili. Munanila husikika na kuandikwa pia Mnanila, Mukigo ni Mkigo, Mwamugongo ni Mwamgongo. Hapa hakuna aliyekosea, ila ndani ya daftari moja chagua namna moja na uishike. Muhinda na Muyama, kwa upande mwingine, zimebaki na Mu yake hata kwa Kiswahili, usiwe na haraka ya kuzifupisha.

Sasa r na l, ambapo ndipo wageni wanapowaonea watu. Mto unaopita karibu na Ujiji huandikwa Luiche na Ruiche. Mto wa kusini zaidi huandikwa Rugufu, na kambi ya wakimbizi iliyokuwa huko iliandikwa Lugufu. Bonde la Gombe walikoanzia utafiti wa sokwe mwaka 1960 huandikwa Kasakela na Kasekela. Malagarasi ina l na r ndani ya neno moja, na utasikia watu wazima, tena wasomi, wakisema Maragarasi au Malagalasi. Hili si suala la mtu kutojua kusema. Wazungumzaji wengi wa Kiha ulimi wao hugonga mara moja tu ufizini, na sauti inayotoka haiko sawasawa na r ya redioni wala l ya redioni. Aliyeandika kwanza alichagua herufi moja, aliyefuata akachagua nyingine. Mto mmoja wa mashariki ya mkoa umepata hata zaidi ya hapo: pori la akiba liliandikwa Moyowosi, wengine wakaandika Muyovosi, na ardhioevu iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2000, ya kwanza kwa Tanzania, ikaitwa Malagarasi-Muyovozi.

Kwa hiyo usimuulize mtu, "Ni Rugufu au Lugufu?" Atakubali lolote ulilolitaja kwanza, kwa heshima, hasa ukiwa na kalamu mkononi na kitambulisho shingoni. Wala usimpe jina ukisubiri aitikie. Uliza wazi, "Hapa panaitwaje?", kisha nyamaza. Mpe shikamoo yake kwanza kama ni mzee, na mwache amalize habari za nyumbani. Jina linalotoka baada ya salamu hutoka kamili, linalotolewa kwa mtu mwenye haraka hutoka limekatwa. Uliza watu wawili au watatu wasiosikilizana. Matamshi yatakapolingana, ndipo utafute tahajia, na tahajia ya kufuata katika nyaraka ni ile iliyo kwenye muhuri wa mtendaji wa kijiji au kata. Muhuri una uzito kuliko kibao cha barabarani, na kuliko kilichopakwa rangi ukutani mwa shule. Pembeni, kwenye mabano yako mwenyewe, andika ulivyosikia. Daftari lenye safu hizi mbili, "muhuri" na "kinywa", litamsaidia atakayekurithi ofisini kuliko ramani yoyote.

Ukitafuta kwenye simu na jina halitokei, badilisha kwa mpangilio huu: kwanza r kwa l, halafu M kwa Mu, halafu U kwa Bu, mwisho e kwa i. Mara nyingi utalipata kabla hujafika mwisho.

Hiyo U na Bu inahitaji neno lake. Nchi ya Waha kwa Kiha ni Buha, kwa Kiswahili Uha. Uvinza ni Buvinza, Ujiji ni Bujiji, ni mwenendo uleule uliotupa Uganda kutoka Buganda na Urundi kutoka Burundi. Mzee akisema Bujiji hajakosea na hajataja mji mwingine. Majina ambayo Kiswahili hakikuyazoea mapema yamebaki na Bu yake: Buhigwe, Buhingu, Busunzu, Buyungu. Ujue pia kwamba b ya Kiha katikati ya irabu ni laini, midomo haifungi kabisa, hivyo sikio geni linaweza kusikia Rusawa pale paliposemwa Rusaba. Ukisoma karatasi za zamani utakuta Ujiji imeandikwa "Udjidji" kwenye ramani za Wajerumani, na Burton, mpelelezi Mwingereza aliyefika mwaka 1858, aliandika Malagarasi kwa z. Sauti ni ileile, mikono tu ndiyo tofauti.

Kiha chenyewe kina irabu ndefu na fupi, na kina kidatu cha juu na cha chini kinachobadili maana, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi hata kimoja. Ndiyo sababu hatushauri mgeni aigize lafudhi. Sema jina kwa Kiswahili safi, silabi zikiwa kamili, inatosha na inapendeza. Anayejaribu kuvuta na kupandisha sauti bila kujifunza huishia kuonekana anamkejeli mwenyeji, na Waha wamekejeliwa lafudhi yao vya kutosha mashuleni na kazini. Unayetaka kweli kujifunza, kaa na mtu mmoja mwenye subira, mrekodi kwa ruhusa yake akitaja vijiji kumi vya jirani, usikilize jioni.

Kuna majina mapacha, na haya hupoteza mizigo. Kumsenga iko Kasulu na iko Kibondo. Igalula iko Uvinza, kando ya ziwa, na Igalula nyingine iko Tabora kwenye reli. Nyarugusu ya Kasulu, yenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, ina pacha wake Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Mwanga ni mtaa mkubwa wa Kigoma mjini na pia wilaya ya Kilimanjaro. Rungwe Mpya ni Kasulu, Rungwe ni Mbeya. Katanga ya Kakonko si ile ya Kongo. Halafu Kasulu na Kasulo: herufi moja tu, na Kasulo iko Ngara. Jina la kijiji peke yake halitoshi kamwe, liambatanishe na kata na wilaya. Kwenye wilaya nako angalia, kwa sababu Buhigwe, Kakonko na Uvinza zilianzishwa mwaka 2012. Mtu wa Muyama anaweza bado kukuambia anatoka Kasulu, na wa Muhange akasema Kibondo. Hakudanganyi, anataja wilaya aliyozaliwa ndani yake.

Sokoni, samaki nao wana majina ya pwani mbalimbali za ziwa hilohilo. Mgebuka wa Kigoma ni mukeke kwa Mrundi, dagaa wetu ni ndagala Bujumbura na kapenta Mpulungu, Zambia. Ukipokea oda kwa simu kutoka ng'ambo, rudia jina la samaki kwa namna zote mbili kabla ya kutaja bei.

Kwa vijiji vya mwambao wa kaskazini kama Mwamgongo, Zashe na Kagunga, ambavyo mlima umevibana na ziwa ndilo barabara yao kubwa, mzigo hupandishwa boti mwaloni na wewe unabaki nchi kavu. Andika kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa, pande mbili za kiroba: jina la kijiji kama lilivyo kwenye muhuri, kata, wilaya, jina la mpokeaji na namba yake. Kisha mtafute kijana wa boti anayepanga mizigo, si mkata tiketi. Usimsomee wewe. Mwoneshe maandishi, mwambie asome kwa sauti. Akilisoma jina ukalisikia lile ulilokusudia, mwachie kiroba.