Umealikwa ibada ya dini nyingine hapa Moshi: mambo ya kuzingatia

Mkuu mleta uzi, swali lako ni zito kuliko ulivyoliandika. Kwa wanaoingia sasa hivi: ndugu yetu amehamia Moshi kikazi, na ndani ya mwezi mmoja amepata mialiko mitatu. Wa kwanza ni kipaimara KKKT, kanisa la Kilutheri, huko Machame, wa pili nikaha ya mfanyakazi mwenzake msikitini mjini, na wa tatu ibada ya shukrani kwenye gurdwara, hekalu la Masingasinga, anakosali mwajiri wake. Anaogopa mambo mawili: kuwakosea wenyeji, na kuonekana ameiacha imani yake.

Hujasema wewe ni dini gani, na sina haja ya kujua. Mimi hupokea wageni mlangoni kanisani, na misikiti na mahekalu ya mji huu nimeyaingia kwa ndoa na misiba. Nitaandika kwa namna ambayo mtu wa dini yoyote ataitumia.

Tenganisha kwanza heshima na kukiri. Kuvua viatu, kufunika kichwa, kunyamaza, kusimama wenzako wanaposimama, hayo ni heshima kwa wenye nyumba. Kupokea komunyo, kutamka kanuni ya imani, kusujudu, kupakwa mafuta ya upako, hayo ni kukiri. Mwenyeji hakutegemei uyafanye, na mengine kati ya hayo hataki kabisa uyafanye. Wageni wengi hugeuza: mtu anagoma kuvua viatu kwa sababu "mimi si Mwislamu", halafu Jumapili anajipanga kwenye foleni ya komunyo ili asibaki peke yake kwenye benchi. Hapo amekosea pande zote mbili.

Tuanze na Machame. Sharika nyingi zina ibada ya kwanza asubuhi mapema, saa 1 au hata kabla, na ya pili kwenye saa 4. Siku ya kipaimara usitegemee ratiba ya kawaida, muulize mwenyeji, kisha fika nusu saa kabla. Kanisa hujaa ndugu waliotoka Dar na Arusha, na atakayechelewa atasimama nje kwenye spika. Usikae mabenchi ya mbele hata ukiyaona wazi. Yamewekwa kwa ajili ya watoto, wazazi na kwaya. Kaa katikati, pembeni mwa benchi, ili uweze kutoka bila kuwasumbua watu.

Salamu utakayoisikia ni "Bwana Yesu asifiwe", na jibu ni "Amina". Kama huwezi kuitika hivyo, tabasamu na useme "asante, habari za asubuhi". Hakuna atakayekasirika. Wakati wa matangazo wageni huombwa wasimame wajitambulishe. Inatosha kusema jina lako, unakotoka na uliyekuja kwa mwaliko wa nani, basi ukae. Usianze hotuba, kwa kuwa matangazo yenyewe ni marefu.

Kwenye kipaimara chenyewe mchungaji huwawekea watoto mikono na kila mmoja husomewa mstari wake wa Biblia. Hapo ndipo wageni huharibu, kwa kukimbilia mbele na simu. Mtoto amesoma mafundisho muda mrefu, mara nyingi miaka miwili, kwa ajili ya dakika ile moja, na bibi yake aliyeko benchi la tatu anaona mgongo wako tu. Piga picha nje, ibada ikiisha.

Sadaka. Beba noti ndogo nne au tano, za 1,000 na 2,000, maana inaweza kutolewa zaidi ya mara moja: sadaka ya kawaida, ya shukrani, ya ujenzi. Watu hutoka benchi kwa benchi wakiimba, wanazunguka hadi kwenye kikapu na kurudi. Kama hutoi, hulazimiki. Ila usibaki umekaa mwanzoni mwa benchi watu wakiruka magoti yako. Simama, wapishe, kisha ukae. Bahasha zenye majina na namba ni za washarika na ahadi zao, usizichukue.

Chakula cha Bwana ni cha waliofundishwa na kupokelewa. Mgeni hubaki kwenye nafasi yake kwa utulivu.

Kisha inakuja sehemu ambayo wageni hawaambiwi kabisa: mnada. Ibada huishia nje, watu wakitoka kwa maandamano na wimbo na kusimama duara uani, na baada ya baraka, sadaka za mazao hupigwa mnada palepale. Utaona mkungu wa ndizi, trei ya mayai, maziwa kwenye chupa ya soda, parachichi kwenye ndoo, jogoo amefungwa miguu. Mnadishaji anataja bei, watu wanapandisha. Usipunge mkono kumsalimia mtu wakati huo, na usitingishe kichwa ukimtazama mnadishaji, maana jogoo atakuwa wako. Usishangae pia trei ya mayai kuuzwa mara mbili ya bei ya soko la Mbuyuni. Bei ile ni sadaka, na mnunuzi anajua hivyo. Mtu akinunua kitu akasema "nampa mgeni wetu", kipokee kwa mikono miwili na ushukuru. Kukikataa ni kumrudishia mtu sadaka yake mbele ya usharika mzima. Ukitaka, nawe unaweza kununua kitu ukamzawadia mama mzee aliye karibu nawe. Huku mlimani hilo linakumbukwa kuliko suti uliyovaa.

Nyumbani kwenye sherehe, kama wewe ni Mwislamu, uliza wazi nani amechinja. Familia nyingi hapa zinazotegemea wageni Waislamu huwaita Waislamu wachinje, na swali hilo haliwaudhi. Kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikikufikia, mkono kifuani na "asante, situmii" vinatosha.

Kwa Wakatoliki mengi yanafanana, lakini komunyo ina uzito wake. Kwao hostia, ule mkate wa komunyo, ikishabarikiwa ni Kristo mwenyewe, siyo mfano wake. Wakati wa mageuzo, padri anapobariki mkate na divai, kengele ikigongwa na watu wakipiga magoti, wewe kaa umeinamisha kichwa. Kusimama wima katikati ya waliopiga magoti kunawaziba walio nyuma. Komunyo ikianza, toka kwenye benchi uwapishe, kisha urudi. Ukijikuta umeburutwa na foleni hadi mbele, kunja mikono kifuani na useme taratibu "sipokei". Kosa kubwa kuliko yote ni kuipokea hostia mkononi na kuondoka nayo au kuitia mfukoni. Utafuatwa hapo hapo, na wana haki ya kukufuata. Maji ya baraka mlangoni si lazima uyaguse. Kwenye kutakiana amani, asiyepeana mkono na jinsia nyingine aweke mkono kifuani na ainame kidogo.

Makanisa ya kilokole nitasema moja tu: mhubiri akiita wanaotaka kuokoka au kuombewa wapite mbele, ukisimama kwa adabu tu utahesabiwa umeitika. Kaa. Mtu akija kukushika mkono, sema "nimekuja kama mgeni wa fulani". Kwa Wasabato kumbuka ibada ni Jumamosi na Sabato yao imeanza Ijumaa jua lilipozama, hivyo usimwombe mwenyeji wako mpite dukani mkitoka kanisani.

Sasa msikiti, ambao ndio unawatia watu hofu bila sababu. Anza kwa kuuliza unatakiwa uende wapi. Nikaha nyingi hufungwa msikitini kati ya bwana harusi na walii (msimamizi) wa bibi harusi mbele ya mashahidi wawili, na bibi harusi mwenyewe mara nyingi yuko nyumbani na wanawake wenzake. Kwa hiyo mwanamke aliyealikwa upande wa bibi harusi huenda anategemewa nyumbani, siyo msikitini, na akifika msikitini peke yake hatajua pa kukaa. Tendo lenyewe ni fupi: hotuba, mahari inatajwa, ijabu na kabuli (walii anaoza, bwana harusi anakubali), dua, kisha halua na kahawa. Aliyechelewa dakika ishirini anaweza kukuta watu wanafuta vidole.

Mavazi: mwanamume suruali ndefu na shati, kanzu si lazima, kaptula hapana. Mwanamke gauni refu au dera lisiloonyesha mwili, na mtandio unaofunika nywele na shingo. Uufunge vizuri nyumbani, usiwe wa kuurekebisha kila dakika. Soksi ziwe safi. Kipindi cha masika tope la Moshi hupanda hadi kwenye pindo la suruali, na pindo hilo ndilo litakalogusa zulia ambalo watu wanaweka paji la uso. Beba kitambaa ulifute kabla ya kuingia. Vua viatu kabla ya kukanyaga sehemu ya kusalia. Zile ndala za plastiki utakazoziona ni za chooni na sehemu ya udhu, hazivuki mlango. Ukitangulia na mguu wa kulia, wenyeji watafurahi. Vitunguu na vitunguu saumu vibichi uviache siku hiyo, wao wenyewe wameaswa wasiingie msikitini na harufu hiyo.

Tazama zulia: mara nyingi lina mistari, na kila mstari ni safu moja. Swala ikianza, watu husimama bega kwa bega, na safu haitakiwi kuwa na pengo. Mgeni asiyesali akikaa katikati ya mstari ameikata. Ndiyo maana utaombwa ukae nyuma kabisa au ukutani. Si kwamba unatengwa. Usipite mbele ya anayesali, kati yake na pale anapoweka paji la uso. Subiri amalize, au zunguka kwa nyuma. Usinyooshe miguu kuelekea kibla. Kwa hapa Moshi ni rahisi kukumbuka: Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, yaani upande ule ule wa Kibo. Ukijua mlima uko wapi, umejua miguu isielekee wapi.

Ukialikwa Ijumaa, adhuhuri yetu huingia kati ya saa 6 na robo na saa 7 kasorobo mchana kutegemea mwezi, na msikiti hujaa kabla ya hapo. Khutba ikianza hakuna kuongea kabisa. Hata anayemwambia mwenzake "nyamaza" kwao amekosea. Kwa hiyo mtoto wako akilia usimfokee, mbebe mtoke. Simu usiiache kwenye mtetemo, izime. Msahafu usiuguse bila kuruhusiwa. Na usimpe mkono mtu wa jinsia nyingine mpaka yeye aanze.

Gurdwara ni nyepesi kuliko unavyodhani, lakini haina mjadala kwenye mambo mawili. Kichwa hufunikwa, mwanamume na mwanamke, na kitambaa kizuri kuliko kapelo. Usipokuwa nacho utakuta leso mlangoni. Na tumbaku au pombe haviingii, hata pakiti ya sigara iliyofungwa mfukoni. Iache kwenye gari. Vua viatu, nawa mikono, ingia ukumbini. Mbele kuna Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu, kimewekwa juu chini ya kitambaa cha heshima. Wao huinama hadi sakafuni. Wewe unaweza kusimama kidogo kwa utulivu kisha ukaenda kukaa. Watu wote hukaa chini, na miguu hukunjwa, haielekezwi kwenye kitabu. Mwenye goti bovu aombe kiti cha nyuma mapema.

Mwishoni hupita mtu na bakuli la karah parshad, unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa, laini kama halua na bado ya moto. Hupokewa kwa viganja viwili vilivyounganishwa, umekaa. Ukinyoosha mkono mmoja kama unaokota chenji, inaonekana dharau. Ukisema "kidogo tu" utapewa kidogo. Kama dhamiri yako haikuruhusu kula kilichobarikiwa, unganisha viganja, inamisha kichwa, atapita. Kibaya ni kupokea kisha kukiacha kwenye zulia. Baada ya hapo ni langar, chakula cha bure kwa kila mtu. Hakina nyama, samaki wala mayai, hivyo swali la nani kachinja halipo. Pakuliwa kidogo, maliza, ongezwa; kubakiza sahani ni aibu. Hulipi, lakini wakikuona unasaidia kukusanya sahani, utakuwa umewashukuru kwa lugha yao.

Jambo la misiba hukuliuliza, lakini mjini kwetu ndiyo mwaliko usiongoja kadi. Msiba wa Kiislamu huzikwa haraka, mara nyingi siku ile ile, kwa hiyo usisubiri kupata nafasi wikiendi. Swala ya maiti ni ya kusimama tu, haina rukuu (kuinama) wala sijda (kusujudu), na asiyesali husimama nyuma. Wanaume hupokezana jeneza begani hadi makaburini, na mgeni anayetaka kubeba hupewa nafasi. Wanawake kwa kawaida hubaki nyumbani, hivyo dada, usikasirike ukizuiwa kupanda gari la makaburini. Kaa na wafiwa. Kaburini kila mtu hutia udongo kwa mikono, mara tatu. Mkono wa pole kwao huitwa ubani, na mpe mtu wa familia kimyakimya. Kwenye misiba ya Kikristo huku Kilimanjaro kuna meza na daftari la rambirambi. Andikisha jina lako kamili na unakotoka, kwa sababu familia husoma daftari lile baadaye ili ijue nani alikuja.