Simu yasema nilikuwa lojing'i Pangani, na mume ameiamini

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, mama wa watoto wawili. Ninaishi Kayole, Nairobi, na ninauza mapazia Eastleigh, duka liko besimenti. Mwaka jana mume wangu alininunulia simu, akaiwasha mwenyewe na kuiunganisha na yake ili aone nilipo kwenye ramani. Alisema ni kwa usalama wangu nikichelewa kufunga. Ijumaa iliyopita alasiri nukta yangu ilikaa Pangani karibu dakika arobaini, juu ya jumba lenye lojing'i, yaani vyumba vya kulala wageni. Mimi nilikuwa dukani nikihesabu mali. Hakuniuliza. Alipiga picha ya skrini akaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia yao, mama mkwe akiwemo, na maneno "oneni mke wangu." Sasa hatuzungumzi. Nikiri pia kwamba akiwa zamu ya usiku kiwandani, mimi huamka kuangalia kama yuko mtandaoni, na mara nyingi nimeona alama za buluu bila jibu. Je, simu inaweza kudanganya?*
*Mama Baraka, Kayole*

Marahaba, mwanangu. Simu hukisia, na ikishakisia huchora nukta kana kwamba imekuona kwa macho. Mumeo ameona nukta. Hajaona jinsi ilivyopatikana. Tuanzie hapo.

Simu hupata mahali ilipo kwa kusikiliza setelaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu. Kila moja hutangaza saa yake, nayo simu hupima ishara imechukua muda gani kufika. Inahitaji angalau setelaiti nne. Ishara husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde tayari ni mita 300. Anga ikiwa wazi, simu ya kawaida hukosea mita tano hivi. Katikati ya maghorofa ishara hugonga kuta kwanza ndipo ikufikie, njia inarefuka, na nukta inarukia mtaa wa pili. Besimenti ndiyo mbaya zaidi: ishara hiyo hufika ardhini ikiwa hafifu mno, na zege lililo juu ya duka lako linatosha kuizima.

Ikikosa setelaiti, simu hutafuta njia nyingine. Huorodhesha ruta za Wi-Fi zilizo karibu, vile visanduku vinavyorusha mtandao, hata zile usizoingia, kisha huuliza hifadhi ya kampuni iliyotengeneza mfumo wake ruta hizo ziko wapi. Hifadhi hiyo hujazwa na simu za watu wanaopita. Sasa chukulia mwenye duka jirani amehama kutoka Pangani majuzi, akabeba ruta yake. Hifadhi bado inaijua kwa makao ya zamani, na kama ndiyo yenye nguvu huko chini, simu yako itaapa uko Pangani huku umeshika tepu ya kupimia mapazia. Waulize majirani zako wa dukani nani amehamia hapo karibuni. Swali hilo moja linaweza kumaliza nusu ya kesi.

Pasipo ruta, hubaki minara ya simu, ambayo hukadiria kwa mamia ya mita, pengine kilomita nzima. Pangani iko karibu sana na Eastleigh kiasi kwamba mnara wa upande ule unaweza kukushika wa kwenu ukielemewa.

Na kuna nukta iliyolala. Bando likiisha au mtandao ukikatika, ramani ya mwenzako hubaki na mahali ulipoonekana mwisho. Kama siku hiyo ulipeleka mzigo Pangani kisha ukashuka besimenti isiyo na mtandao, nukta ingebaki kulekule hadi utoke. Kwa hiyo ile picha iliyokuaibisha ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Ukiwa unamtazama mtu kwenye ramani ya Google, karibu na jina lake huandikwa mahali pake pamesasishwa muda gani uliopita. Isome. Kama imeandikwa dakika 35, mumeo alikuwa akiangalia habari za kale.

Kisha fanyeni jaribio, wewe na yeye, asubuhi moja akitoka zamu na kupumzika. Mwambie aje dukani bila kumpeleka kama mshtakiwa. Mwambie tu unataka kujua simu inafanya nini. Fungua ramani ukiwa besimenti, ngoja dakika mbili bila kusogea, utazame nukta ya buluu. Ikizungukwa na duara hafifu, duara hilo ndilo simu inavyokiri kwamba haina hakika: unaweza kuwa popote ndani yake. Halafu zima Wi-Fi. Kuizima kwenye kitufe cha juu hakutoshi, maana simu nyingi za Android huendelea kutafuta ruta kimyakimya; ingia kwenye mipangilio ya mahali, tafuta sehemu ya utafutaji wa Wi-Fi, uzime na hapo. Ngoja tena dakika mbili. Mwisho pandeni barabarani penye anga wazi, mngoje dakika tano. Kila hatua apige picha ya skrini kwa simu yake, kwa sababu simu yake ndiyo aliyoiamini. Nukta ikiruka mkiwa mmesimama pamoja, hutahitaji kumwambia neno. Isiporuka, usivunjike moyo. Ruta inaweza kuwa imeshasahihishwa kwenye hifadhi, na mtandao wa Ijumaa si wa asubuhi. Jaribio lililoshindwa halithibitishi kwamba ulikuwa Pangani.

Lakini ramani ndiyo sehemu nyepesi ya barua yako. Hata nukta ingekuwa sahihi kwa mita tano, mume aliyeona jambo la kumtia shaka alikuwa na namba yako. Angepiga simu. Angekuja dukani. Yeye alienda kwa mama yake na ndugu zake na ushahidi ambao hakuujaribu. Hilo ndilo la kuzungumza naye, na ulizungumze peke yake, siku tofauti na ya jaribio. Mkichanganya, atashika la ruta aliache la aibu.

Nawe mwanangu, usiku unaendesha kesi yako mwenyewe kwa ushahidi dhaifu kuliko wake. Tiki moja ya kijivu ni kwamba ujumbe umetoka kwako. Mbili za kijivu, umefika kwenye simu yake. Buluu, gumzo limefunguliwa. Kuonekana mtandaoni ni kwamba programu iko wazi mbele ya macho yake. Anaweza kuwa anasoma kundi la kazini. Akiwa ameunganisha WhatsApp na kompyuta ya kiwandani, na inaruhusu vifaa vinne zaidi ya simu, gumzo lililoachwa wazi kwenye skrini linaweza kugeuza tiki buluu naye yuko kwenye mashine. Ingia mipangilio, kisha faragha, uzime alama za kusoma na saa ya kuonekana mwisho. Ukizizima zako, zake nazo hutaziona, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa. Kwenye makundi tiki za buluu zitabaki, hazizimiki. Ulale.

Sasa neno lililonishtua: "akaiwasha mwenyewe." Simu ya Android ikiwashwa mara ya kwanza huomba akaunti ya barua pepe. Ni ya nani? Kama ni yake, anaweza kuona simu ilipo kupitia huduma ya kutafuta simu iliyopotea, hata mkifuta kushiriki mahali kwenye ramani. Angalia mipangilio, sehemu ya akaunti. Ukikuta anwani yake, tengeneza yako, hamisha namba na picha zako, kisha uiondoe ya kwake. Kusitisha kushiriki kwenye ramani ni rahisi: gusa picha yako kwenye kona ya juu kulia, ingia kushiriki mahali, chagua jina lake, simamisha. Kama bado mnataka usalama wa usiku, WhatsApp hukuruhusu kutuma mahali ulipo kwa dakika 15, saa moja au saa nane, kisha inajikata. Unapofunga duka, tuma ya saa moja. Naye akitoka kiwandani alfajiri, atume yake.

Ila sikiliza kwa makini. Nimekuelekeza hivyo nikidhani humwogopi. Kama unamwogopa, usizime chochote leo, kwa sababu jina lako litatoweka kwenye ramani yake na atajua papo hapo. Tumia simu ya rafiki kuomba msaada. Namba 1195, ya msaada kwa wanaodhulumiwa kijinsia Kenya, haina malipo. Sheria ya mwaka 2015 ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani inahesabu kumfuatiafuatia mtu na kumtesa kiakili kuwa dhuluma, na mahakama inaweza kutoa amri ya kukulinda. Huhitaji kungoja upigwe.

Kama hofu hiyo haipo, bado kuna kundi la familia. Alikokuvunjia heshima ndiko airudishe: ujumbe wake mwenyewe, katika kundi lilelile, mistari miwili mitatu, kwamba alikosea kutuma picha ile na kwamba hakukuuliza kwanza. Kuifuta picha pekee hakusaidii, wameshaiona. Wewe usiandike kitu humo, hata shemeji akichokoza. Mama mkwe mpigie simu, au ukipata nafasi Jumamosi uende ukamsalimie, umweleze kwa sauti yako ulikuwa wapi Ijumaa. Usimbebee picha za jaribio asipoziomba.