Mbona tuliitaka Hague, kisha tukaikataa?

SWALI: Mwalimu, ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2007 zilinikuta Eldoret nikijiandaa kuingia darasa la pili. Baba husema enzi hizo kila mtu alitaka wakubwa wapelekwe Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC). Mwaka 2013 akawapigia kura washtakiwa wawili, na nikimuuliza hukasirika. Watu waliwasahau wafu wao upesi hivyo?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Binti yangu, hawakusahau. Wala baba yako hakuwa peke yake. Niliyaona hayo hapa Nakuru, kwa kinyozi wangu. Februari 2009, Bunge lilipouangusha mswada wa mahakama maalumu ya humu nchini, wateja walishangilia. Mahakimu wetu wananunulika, walisema, bahasha ya Jaji Waki na ifike kwa Ocampo! Bahasha hiyo ilikuwa na majina ya washukiwa wakuu, kutoka kwa tume ya Waki iliyochunguza ghasia; Ocampo alikuwa kiongozi wa mashtaka wa ICC. Lakini majina ya ndani yalikuwa siri, na kila mmoja aliyajaza mwenyewe kichwani, yote ya upande wa pili.

Desemba 15, 2010, Ocampo akawataja washukiwa sita, Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwamo. Kinyozi alizima mashine tusikie redio, mteja kitini kichwa nusu. Majina yalipokwisha, aliyekuwa akiipigia Hague debe kuliko sote akafoka, “Sasa mbona wetu?” Kesi ikawa ya jamii tangu hapo. Yakaja maombi ya hadhara, na Desemba 2012 Uhuru na Ruto wakasimama pamoja hapa uwanjani Afraha kuungana kwa uchaguzi wa 2013, jamii zao, Wakikuyu na Wakalenjin, zikiwa zimechomeana nyumba miaka mitano nyuma. Kwa mwenye shamba Molo au Burnt Forest, ile ilikuwa ahadi ya kulala usingizi. Siibezi kura hiyo hata kidogo.

Ila gharama yake walilipa wengine. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, zaidi ya theluthi yao kwa risasi, na Kisumu risasi hizo zilikuwa za polisi. Kesi ya Uhuru iliondolewa Desemba 2014, ya Ruto ikasitishwa Aprili 2016, umati ukarudi Afraha kutoa shukrani. Waliofiwa Kisumu sijui wangeshukuru nini.

Baba yako usimuulize tena kwa nini aliwapigia kura. Ngoja ashibe, kisha muulize: bahasha ilipokuwa bado imefungwa, yeye alidhani ina majina ya nani?