Ruta ya nyumbani: iache iwake, pambana na joto na umeme unaporudi

Ukienda kulala uzime ruta au uiache? Iache. Ruta nyingi za Dar es Salaam haziuawi na kukesha. Zinauawa na joto la mahali zilipowekwa, na umeme unaporudi baada ya kukatika.

Wengi wanaiogopea luku, basi tupige hesabu. Geuza adapta usome. Ikiandikwa 12V 1A, uwezo wake wa juu ni wati 12, lakini ruta yenyewe kwa kawaida inakula wati 5 hadi 10. Tuchukue 10. Kwa saa 24 ni yuniti 0.24, na kwa siku 30 ni yuniti 7.2. Kama shilingi 10,000 inakupa yuniti zipatazo 28, ruta inakula kama shilingi 2,600 kwa mwezi. Ukiizima kwa muda wa saa nane kila usiku unaokoa theluthi yake, shilingi 860 hivi. Mwenye kuhesabu kweli ni yule wa bei ya matumizi madogo, maana yuniti saba zinaweza kumvusha kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi.

Na hiyo 860 ina gharama yake. Simu nyingi husubiri usiku, zikiwa kwenye chaji na Wi-Fi, ndipo zisasishe programu na kuhifadhi picha. Wi-Fi ikizimwa kazi hiyo hailali, inaahirishwa tu. Na kwa mtu aliyeruhusu data, inakula bando. Kampuni za intaneti nazo mara nyingi husasisha programu ya ruta usiku wa manane. Mwenye kamera za ulinzi hana hata la kujadili.

Sasa joto. Ruta nyingi zimetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana wa Dar hufika nyuzi 32 au 33 kivulini. Ndani ya kabati la TV, juu ya king'amuzi kinachochemka, nyuzi 40 zinapitwa bila shida. Vinavyoumia kwanza ni vile vikopo vidogo vya ndani, kapasita. Kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Dalili zake unazijua: intaneti inakuwa nzito saa nane mchana halafu inapona jioni, au ruta inajizima na kujiwasha watu wengi wakianza kutazama video. Hiyo ya pili mara nyingi ni adapta iliyochoka, volti zinashuka mzigo ukizidi. Badilisha adapta kabla hujanunua ruta: volti zilezile, ampea zilezile au zaidi, na alama ya chanya na hasi ifanane.

Itoe kabatini. Ipandishe ukutani au juu ya rafu, urefu wa mita moja na nusu au mbili, ukiacha sentimita 10 wazi kila upande. Vitambaa vya kudarizi ni vizuri juu ya kochi, si juu ya ruta. Pangusa matundu kwa brashi kavu kila mwezi na usiiweke karibu na jiko: mende wanapenda uvuguvugu wa ruta, na uchafu wao hugusanisha njia za umeme ndani.

Umeme nao. Unapokatika, ruta hailalamiki. Hatari ni dakika ile unaporudi, kwa sababu mafriji na pampu za mtaa mzima zinawaka kwa pamoja na volti zinayumba. Kile kifaa ambacho maduka ya Kariakoo wanakiita TV gadi kinasubiri kwanza umeme utulie, ndipo kiupitishe. Ekstensheni ya kawaida, hata yenye taa nyekundu, haifanyi kazi hiyo.

Baada ya gadi ongeza UPS ndogo ya volti 12, ile ya kuchomeka kati ya adapta na ruta. Usidanganywe na namba kubwa ya boksi. Milliampea-saa 8,800 zinahesabiwa kwa volti 3.7 za betri, yaani wati-saa 32 na kitu. Toa upotevu, zinabaki kama 27. Kiboksi cha faiba (kile kinachopokea waya wa faiba wa kampuni) na ruta vikila wati 10 kwa pamoja, utapata saa mbili na nusu hivi. Kabla ya kuchomeka soma volti ya kila kifaa, kwa sababu kuna ruta za volti 9, na tundu la volti 12 linaweza kuiunguza papo hapo. Pini nayo ina saizi mbili zinazofanana kwa macho, milimita 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5. Ikilegea ruta itakuwa inazimika ukiigusa.

Nyakati za kuzima kabisa zipo. Radi za masika na vuli zikianza, chomoa adapta ukutani, na kama una antena ya nje, chomoa na waya wake. Ukisafiri kwa siku kadhaa, zima.

Kuizima na kuiwasha upya kwa ajili ya kuifufua, mara moja kwa mwezi inatosha. Kumbukumbu yake ndogo hujaa orodha za mawasiliano, na ikiwaka upya inaweza kuchagua chaneli ya Wi-Fi yenye nafasi, jambo kubwa kwenye maghorofa yenye Wi-Fi thelathini. Chomoa, subiri sekunde 30, washa kwanza kiboksi cha faiba. Taa yake ya PON, inayoonyesha kimeunganika na kampuni, ikiacha kupepesa, kama dakika mbili, ndipo uwashe ruta. Taa ya LOS, ya kupotea kwa mawimbi, ikiwaka nyekundu mara nyingi shida iko kwenye waya wa faiba, umekatika au umekunjwa. Piga simu kwa kampuni. Usichokonoe kitundu cha riseti, kinafuta mipangilio yote waliyokuwekea.

Ruta za kubeba zenye betri ni habari nyingine. Hizo zisikae kwenye chaji mwezi mzima, betri hutuna. Ukiona mfuniko umeinuka, chomoa chaji, usiubonyeze urudi, na usiichaji tena mpaka upate betri mpya.